Leo ya Nani

Walisema tumeungana. Nilikuwepo siku hiyo, nimesimama juani na wenzangu mia mbili na ushee, na nilimsikia kwa masikio yangu meneja mpya akitangaza kwenye kipaza sauti kwamba kuanzia leo hakuna Kijani, hakuna Bluu, kuna familia moja yenye sura mpya. Alisema "sura mpya" mara tisa. Nilihesabu kwa sababu sikuwa na kazi nyingine ya kufanya. Kufika mchana watu walishambatiza: Bwana Sura Mpya. Jina lake halisi mpaka leo silijui vizuri, wala sioni hasara.

Sasa nikueleze, maana kama hujafanya kazi ya reli utadhani nalilia rangi. Mji wetu ulikuwa na kampuni mbili za treni. Moja vichwa vyake vilipakwa kijani, nyingine bluu. Yadi zao za kupangia mabehewa zilipakana, katikati ukuta wa matofali uliopita kimo cha mtu. Sisi wa Kijani tulikuwa wachache, tulibeba mizigo. Wao walikuwa wengi, walibeba abiria. Walituita wabeba magunia, tukawaita wakata tiketi, na hakuna aliyekonda kwa hilo. Baba yangu alistaafu Kijani. Nilipoajiriwa nilipewa kabati lake lilelile la chuma, kofia yake bado inaning'inia ndani.

Kazi yangu ni kusimama kati ya reli na kumwongoza dereva kwa mikono. Miaka ishirini na sita. Dereva akirudisha mabehewa kinyumenyume haoni kitu huko nyuma, ana mikono yangu tu. Mkono ukikosea, chuma kinagonga chuma, na kama kuna mtu katikati, basi tena.

Na hapa ndipo penye mambo. Kila kampuni ilikuwa na ishara zake. Nyingi zilifanana, lakini kuna moja ilikuwa shida. Kwetu Kijani, ukinyoosha mkono wa kulia kando, usawa wa bega, ukaupandisha na kuushusha taratibu, maana yake ni: punguza, umekaribia, jiandae kusimama. Kwa Bluu, mkono huohuo, taratibu vilevile, maana yake ni: njoo, njia nyeupe, ongeza.

Nililijuaje hilo? Kwa shemeji yangu.

Mdogo wangu wa kike, tumbo moja, aliolewa na dereva wa Bluu. Baba alipoambiwa alisema afadhali angemletea mwizi, lakini alisema akicheka, na siku ya harusi alicheza mpaka viatu vikamshinda. Basi Jumapili shemeji akija kwangu, tukishakula, watoto wanatudai tuwafanyie treni. Mimi nasimama mwisho wa sebule, mgongo kwenye kochi. Yeye anakuja kinyumenyume akisukuma kiti kwa mgongo, anachungulia juu ya bega. Mimi naonyesha "punguza" yangu ya Kijani, yeye anaichukua Kibluu, anaongeza mwendo, ananigonga na kiti, tunaanguka wote kwenye kochi. Watoto mbavu hawana. Mdogo wangu anatuambia mtavunja kiti cha watu. Miaka kumi na minane, mchezo ni huohuo. Likumbuke hilo, kwa sababu baadaye niliulizwa kama nilikuwa najua.

Wakubwa walikaa miezi minane wakiunganisha kampuni. Walijadili nembo. Walijadili vifungo vya sare, viwe vya shaba au vya plastiki, na jambo hilo peke yake lilikula vikao vitatu. Kitabu kipya cha kanuni kilipotufikia kilikuwa na kurasa mia na arobaini. Nilikifungua moja kwa moja penye ishara za mikono. Sentensi moja: wafanyakazi watatumia ishara zilizozoeleka. Zilizozoeleka na nani? Bluu akiisoma anaona zake, Kijani akiisoma anaona zake, na kila mmoja anafunga kitabu roho kwatu. Tuliahidiwa redio za mkononi. Zilikuja mbili na chaja moja, na chaja ikakaa ofisini kwa meneja.

Mwanzoni tulijipanga wenyewe. Dereva wa Bluu na mtu wa mikono wa Bluu, Kijani na Kijani, kazi inakwenda. Bwana Sura Mpya akapita siku moja, akaona tumejitenga, akakasirika kwelikweli. Akaamuru kila dereva wa Bluu afanye kazi na mtu wa Kijani, na wa Kijani na wa Bluu. Ndiyo umoja, alisema. Kuhusu mikono hakuuliza, na aliyejaribu kumwambia, fundi mmoja wa breki, aliambiwa anaishi zamani.

Tukaomba Mungu na tukatumia akili. Asubuhi, kabla dereva hajapanda, anakuuliza: "Leo ya nani?" Unamjibu "yangu" au "yako", na siku nzima mnatumia ishara za huyo mliyemtaja. Basi. Hakuna aliyeandika popote, hakuna aliyetufundisha, na kwa miezi minne hakugongwa hata kopo. Mimi nilipangwa na shemeji. Yadi nzima ilicheka, wakasema sasa ndoa imekamilika. Siku nyingine ilikuwa ya kwangu, siku nyingine ya kwake. Ikiwa ya kwake nilikuwa naona mkono wangu kama si wangu, lakini nilifanya.

Asubuhi ninayotaka kukueleza ilikuwa siku moja kabla ya sherehe. Walikuwa wamemaliza kubomoa ukuta. Kwenye reli ya mwisho kabisa waliegesha behewa la abiria lililotoka karakana, limepakwa kijivu, jina jipya limeandikwa kwa dhahabu toka kichwani mpaka mkiani, na utepe mwekundu mlangoni ukingoja mkasi wa mgeni rasmi. Nilipofika nikakuta vibarua wanang'oa kibao cha Kijani pale ofisini kwetu. Kibao cha mbao ngumu, baba yangu alikipaka rangi kwa mkono wake mara mbili nikiwa mtoto. Walikitupa chini. Mmoja akaona kuna tope kati ya reli, akakilaza juu ya tope, wakaanza kupitisha toroli.

Shemeji akaja akanikuta nimesimama naangalia. Akatazama, akasema, "Angalau sasa kimepata kazi."

Ni utani wetu wa siku zote. Siku nyingine yoyote ningemwambia hata kikiwa topeni kinabeba mzigo kuliko Bluu nzima. Siku hiyo neno lilinichoma. Nikanuna. Mtu mzima, ndevu zina mvi, nikanuna. Nikaondoka bila kumjibu, nikaenda kusimama mahali pangu.

Alipanda kwenye kichwa cha treni. Kisha akatoa shingo dirishani, akaniita: "Shemeji?"

Alikuwa anauliza leo ya nani. Sina cha kujitetea hapo, nilisikia. Nikampa mgongo, nikajifanya navaa glovu. Aliita mara ya pili. Glovu nilikuwa nimeshavaa, nikazivua nikazivaa tena. Jana yake tulikubaliana ya kwake, kwa hiyo akachukulia kwamba leo pia ni ya kwake. Mtu yeyote mwenye akili angechukulia hivyo.

Tulikuwa tunasogeza mabehewa sita matupu reli ya mwisho, tuyaache hatua thelathini kabla ya lile la dhahabu. Yalianza kurudi vizuri. Yalipofika nilipotaka yapunguze, mkono wangu ulinyooka usawa wa bega, ukapanda, ukashuka. Wa Kijani. Haukuniuliza. Au niliuachia, sijui, nimejiuliza mara nyingi na kila siku najijibu tofauti. Nikasikia injini inavuta pumzi, mabehewa yanaongeza mwendo. Nikainua mikono yote miwili, ile ya kusimama, ambayo ni moja kwa kampuni zote. Breki zikalia. Haikutosha.

Hakuumia mtu, nashukuru. Behewa la maonyesho lilisukumwa mpaka kwenye kizuizi, magurudumu ya nyuma yakatoka relini, ubavu ukabonyea, herufi za dhahabu zikakunjamana hata jina halisomeki. Utepe haukukatika.

Shemeji alishuka anakimbia. La kwanza aliloniuliza ni kama nimeumia. Nikasema hapana. Akatazama uharibifu, akafuta uso kwa kofia. "Ilikuwa ya nani?"

"Yangu," nikasema.

Akatikisa kichwa. Hakuniuliza kwa nini sikumjibu. Akasema, "Haya. Tuseme ukweli, kwamba kitabu hakisemi na asubuhi hatukusikilizana. Wote wawili. Watatukaripia yaishe."

"Sawa," nikasema. Nilimaanisha.

Haikuwa ya kukaripiwa. Mgeni rasmi alikuwa ameshaalikwa, na waandishi wa habari. Siku mbili baadaye ikabandikwa ubaoni kwamba kutakuwa na kikao cha uchunguzi Alhamisi, na mwenye kosa ataondolewa kazini siku hiyohiyo. Mwenye kosa, mmoja. Yadi nzima ilijua maana yake: mimi au shemeji.

Jumatano Bwana Sura Mpya aliniita ofisini, peke yangu. Alinikaribisha kiti. Akasogeza karatasi mezani. Zilikuwa ishara za mikono, zimechorwa moja baada ya nyingine vizuri kabisa, na zote zilikuwa za Kijani. Juu yake tarehe ya mwezi uliopita. Niliishika. Ilikuwa bado ina joto la mashine.

"Tulichagua za kwenu," akasema. "Ni nzuri zaidi. Zilisambazwa mwezi uliopita, labda hukuona."

Akaendelea kwa upole. Kama ishara rasmi ni za Kijani, basi mimi niliongoza sawasawa na dereva alikwenda kinyume. Kampuni itahitaji mkufunzi wa kuwafundisha wote hizi ishara, yadi zote, mwisho wa reli mpaka mwisho wa reli, na nani azijuaye kuliko mimi? Kesho nitaulizwa swali moja tu: kama nilijua kwamba watu wa Bluu wanaielewa ishara ile vingine. Nijibu sikujua.

Mimi si mjinga. Nilielewa kwamba ikijulikana kitabu chake kina shimo, anayeondoka ni yeye. Alikuwa anaziba shimo kwa kumfukia shemeji yangu. Nililiona hilo wazi kama ninavyokuona wewe. Lakini nikaendelea kuitazama ile karatasi. Walitunyang'anya jina, rangi, kibao, ukuta, na hapa mikono ya baba yangu imechorwa, itafanywa na kila mtu, hata na Bluu wenyewe. Na nilikuwa naogopa, niseme lote. Umri wangu hakuna anayekuajiri. Nikamwambia nimesikia.

Sikwenda kwa shemeji jioni ile. Nilimwambia mke wangu kichwa kinauma.

Kikaoni walikaa watu watatu, katikati mwanamama mwenye miwani aliyetumwa na makao makuu. Hakuwa mbaya. Aliuliza maswali ya maana, na nadhani karatasi ile aliitilia shaka, kwa sababu aliigeuza nyuma na mbele mara kadhaa. Shemeji alikaa upande wa pili, amenyoa, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alieleza: aliona ishara, akaifuata kama alivyozoea, alipoona mikono miwili akafunga breki. Mwanamama akamwuliza, "Je, nyinyi wawili mlikuwa na makubaliano yoyote asubuhi hiyo kuhusu ishara?"

Shemeji akanitazama. Akasema, "Muulizeni shemeji yangu. Atakachosema ndicho."

Mwanamama akanigeukia mimi. Aliuliza kama tulikuwa na makubaliano. Nikasema hapana, kulikuwa na karatasi ya kampuni. Aliuliza kama nilijua kwamba watu wa Bluu wanaielewa ishara ile kinyume.

Nikasema, "Sikujua."

Miaka kumi na minane ya Jumapili ilikuwa imekaa mbele yangu, imevaa shati la pasi. Alikuwa na maneno ya kunimaliza, na mashahidi ni watoto wangu mwenyewe. Mwanamama alimwuliza mara mbili kama ana la kuongeza. Alitazama mikono yake. Akasema hana. Walimpa karatasi ya kuondoka pale pale, akaitia sahihi, akarudisha kalamu kwa mwenyewe na kusema asante.

Nilipata ukufunzi. Kila Jumatatu nasimama mbele ya watu sitini wamevaa kijivu, wengi wao waliokuwa Bluu, nanyoosha mkono nao wananyoosha. Wanafanya vizuri, siwezi kudanganya, wengine wanafanya kuliko Kijani wa zamani. Ila siruhusiwi kusema ni za Kijani. Kwenye kitabu zinaitwa ishara za kampuni. Wiki ya kwanza niliponyokwa na neno Kijani, na Bwana Sura Mpya akaniita tena ofisini, safari hii bila kiti. Wanafunzi wangu hawanitanii. Nikiingia kantini meza inapunguza sauti, Bluu na Kijani wote pamoja, na hapo ndipo nimeuona umoja wao.

Mdogo wangu alikuja Jumamosi iliyopita, mchana. Hakuwa amekanyaga kwangu tangu kikao. Nilimkaribisha, hakuingia, alibaki mlangoni na mkoba wake begani. Amekonda. Nikaanza maneno yangu, kwamba karatasi ilikuwa ya kampuni, kwamba sikuwa na namna, kwamba nilikuwa najiandaa kuja. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Sikuja kugombana," akasema. "Tunahama. Amepata kazi ya kuendesha lori, mbali. Nimeona si vizuri usikie kwa watu."

Nikasema ni jambo jema, dereva mzuri hakosi kazi. Nilisema hivyo, mbele yake.

"Alinikataza nisikwambie hili, lakini mimi si yeye." Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, kama anayeniagiza kitu dukani. "Jumatano ile alikungoja mpaka tukalala. Alikuwa ameshaamua. Alisema kama lazima mmoja aondoke, ataondoka yeye. Wewe una watoto shuleni na umri umekwenda, yeye bado atapata pa kushika. Angewaambia kosa ni lake, aliondoa treni bila kungoja jibu. Alikuwa ameyapanga maneno yake, alinisomea."

Nikauliza, "Sasa kwa nini hakusema?"

"Alitaka kwanza akusikie ukisema, 'Aliniita na sikumjibu.' Hilo tu. Ndiyo maana akasema wakuulize wewe. Ungelisema hilo, mengine yote angeyabeba, na kazi yako ungebaki nayo hivyohivyo."

Mke wangu alikuwa jikoni, maji yanamwagika kwenye sinia, kisha hayakumwagika tena. Mimi nilishika fremu ya mlango.

"Haya, bwana mkufunzi," akasema mdogo wangu. "Kaa salama."

Tangu aanze kuongea alikuwa hajawahi kuniita kingine ila kaka. Hata alipokuwa na hasira nami, hata siku niliyompiga kibao tukiwa watoto, alilia akisema kaka. Alishuka ngazi, akavuka uwanja, amefika karibu na geti nikamwita kwa nguvu. Akasimama. Akageuka, na akangoja, kweli alingoja, mkoba ameushika kwa mikono miwili, ananitazama usoni kama mtu aliyejipa muda.

Nikamwuliza kama ana nauli.

Akasema anayo, akafungua geti.